Kila mtu anataka dume

Nina steshenari ndogo hapa Mtwara mjini, si mbali na Soko Kuu. Kazi yangu ni kutoa kopi, kuchapa barua za maombi ya kazi, kulamineti vyeti na kuuza madaftari, na chini ya meza ya mashine ya fotokopi mwaka mzima hapakosi boksi la rimu lenye watoto wa paka. Sikupanga iwe hivi. Ilianza 2018 na paka mmoja tu, jike wa michirizi ya kijivu, aliingia siku ya mvua kubwa akajilaza nyuma ya mashine kwa sababu pale kuna joto, nami nikamwacha, na baada ya wiki kadhaa nafungua duka asubuhi nasikia visauti vidogo kama vya ndege vinatoka kwenye boksi la karatasi. Nikampa jina la Rimu. Toka siku hiyo watu wakawa wanaambizana, ukitaka paka nenda kwa yule dada wa fotokopi, na baadaye ikawa hata ukitaka kumtelekeza paka nenda kwa yule dada wa fotokopi, maana nishafika alfajiri nikakuta kiroba kimefungwa kamba kinacheza chenyewe barazani.

Kwa hiyo bila kuwa na kituo cha wanyama, bila ofisi wala kibao, nimejikuta najua jambo moja la mji huu: nani anataka paka, anataka wa namna gani, kipindi gani, na nani hamtaki tena. Nina daftari la hayo. Naandika tarehe, rangi ya paka, dume au jike, na mtaa aliokwenda, Chikongola, Magomeni, Chuno, Likombe, wengine wamevuka maji mpaka Msangamkuu. Ukilifungua utaona kule kwenye waliotoka haraka, wiki ya kwanza tu, neno ni lilelile kurasa nzima, dume, dume, dume.

Wiki tatu zilizopita kaja kijana na kitambulisho chake anataka kopi, mimi naweka karatasi yeye macho yako chini ya meza.

"Dada, hao wanatolewa?"

Nikamwambia wanatolewa mdogo wangu, ila subiri wiki mbili waache ziwa.

"Basi niwekee mmoja. Naomba dume."

Kwenye boksi kulikuwa na wanne, wote majike. Nikamwambia huyu wa mkia mweupe muangalie alivyo mwepesi, huyu atakusafishia nyumba. Akatabasamu kwa adabu, akalipa mia mbili yake ya kopi, akasema ntapita tena ukipata dume, akaondoka. Na hakuwa mtu mbaya, hilo nataka lieleweke, alikuwa kijana mstaarabu kabisa, ndo maana nikabaki na mawazo siku nzima.

Kumtambua dume na jike wakiwa wadogo si rahisi, hata mi mwanzo nilikuwa nawapa watu majike nikiapa ni madume, wanarudi baada ya miezi sita na paka ana tumbo. Sa hivi nimejua. Unamsubiri afike wiki sita kwenda nane, unamuinua mkia taratibu asiogope, unaangalia vile vitundu viwili. Kwa dume vimeachana, viko kama nukta pacha, katikati pana kauvimbe ka nyama laini ambako ndo kende zitakaa. Kwa jike vimekaribiana, cha juu ni nukta na cha chini kimesimama kama kijistari, yaani ukikitazama ni herufi i ndogo. Rangi nayo inasaidia. Paka wa rangi tatu, mweupe mwenye mabaka meusi na ya njano, karibu wote ni majike, dume wa rangi tatu ni nadra sana kumkuta, na wale wa njano tupu wengi wao ni madume. Ndo maana wa njano kwangu hawamalizi hata wiki, na wa rangi tatu, ambao kwa uzuri mi nawaona wanashinda wote, wanakulia dukani.

Zamani haikuwa hivi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa anakaa Mikindani, nyumba ya udongo, paa la makuti, na juu ya mafiga alikuwa na uchaga wa kuwekea makopa na mbata. Aliyekulia huku Kusini anajua panya na makopa walivyo. Usiku ukilala unawasikia juu wanakimbizana, vumbi la makuti linakudondokea usoni, asubuhi unakuta muhogo umetafunwa umebaki unga. Kwa bibi paka alikuwa sawa na jembe au kinu, nyumba isiyo naye haijakamilika, na bibi dume alikuwa hamtaki kabisa. Akisikia paka wa fulani kazaa ananiita, "We mjukuu wangu, nenda kaniombee jike, na kamuangalie na mama yake kama anakamata." Halafu nikifika kule nakuta wenzangu wawili watatu wameshatumwa, watoto wa paka bado hata macho hawajafumbua na wote wana wenyewe.

Sababu zake zilikuwa za mtu aliyewaangalia hawa wanyama maisha yake yote. Jike mwenye watoto anawinda usiku na mchana maana ana midomo ya kulisha, na anawaletea watoto panya aliyekufa kwanza, baadaye anawaletea aliye hai nusunusu wajifunze kumalizia, kwa hiyo ukimpata mtoto wa mama mkamataji umepata mkamataji. Halafu jike akizaa, bibi alikuwa na cha kuwapa majirani. Na hakuwa anatoa hivihivi tu, lazima umletee chumvi, hata kijiko kimoja, anasema paka uliyeokota bila kumtolea kitu hatulii kwako. Dume alikuwa anamsemea, "Huyo mgeni, anakula kwako analala kwao."

Sasa kutoka kwa bibi anayetuma mjukuu akaombe jike mpaka kwa kijana anayekataa majike wanne wazima, kumetokea nini katikati hapa? Mi naona cha kwanza ni nyumba. Miaka ile ya gesi, kuanzia 2012 hivi, mji ulipochangamka, vyumba vya kupanga viliota kila kona, sakafu ya taili, dari la jipsamu, na masharti. Mwenye nyumba anakuambia paka mmoja sawa ila sitaki azae humu. Mpangaji naye anajua leo yuko Shangani, mwakani kahamishiwa Masasi au mkataba umeisha karudi kwao, atambeba nani? Kwa hiyo anataka paka asiyeongezeka. Kwa akili ya haraka asiyeongezeka ni dume.

Na cha pili ni sumu. Kila siku kama saa nne asubuhi anapita mbele ya duka langu muuzaji na spika yake begani, sauti imerekodiwa inajirudia, dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto, na kwa pesa isiyofika ya nusu kilo ya dagaa unaondoka na pakti. Watu wengi wakaona sasa paka wa nini. Ila sumu hizi nyingi haziui papo hapo, zinazuia damu kuganda, panya anaila leo, anatembea siku mbili tatu amelegea, anapita hata mchana katikati ya chumba kama mlevi, na paka anamwona. Rimu wangu alikufa hivyo, 2021. Aliacha kula Jumatatu, Jumanne nikaona fizi zake zimekuwa nyeupe kama chaki, Jumatano damu nyembamba inamtoka puani na hakuna mtu aliyempiga. Dawa yake ipo, ni vitamini K ikiwahi, lakini mi nilikuwa sijui na niliyemuuliza alinijibu kwamba paka ni paka tu nitafute mwingine. Alikufa kwenye boksi lake, kichwa kimelala kwenye kiganja changu, na kati ya watoto wake watatu aliowaacha wiki hiyo mmoja ndo nilimnusuru kwa maziwa ya kopo na sirinji. Tangu hapo nikimtoa paka swali langu la kwanza ni hili, nyumbani kwenu au kwa jirani mnaweka sumu?

Turudi kwenye dume. Wanaochukua dume wanadhani wamepata paka wa kudumu, na hapa ndo daftari langu linasema kitu kingine. Dume asiyehasiwa akifika kama miezi sita saba anaanza kukojolea milango na makochi, harufu yake haitoki hata kwa sabuni ya unga, anafuata majike mtaa wa tatu huko, anarudi sikio limechanika, mara harudi kabisa. Anakuwa shume, wale mapaka wa vichwa vikubwa wanaolia juu ya mabati saa nane za usiku mpaka mtu anatoka na jiwe. Na yule mwenye nyumba baada ya mwaka anarudi kwangu, dada yule dume wako katoroka, nipe mwingine, naomba dume. Wapo waliorudi mara tatu. Kwa hiyo haya maombi ya madume hayaishi kwa sababu madume wenyewe hawakai, na majike wanaokataliwa ndo wanaotupwa soko la samaki usiku ndani ya viroba, ndo wanazaa kule kwenye mapipa, na watoto wao ndo hawa wanaokuja kubwagwa barazani kwangu.

Maana jike ana kasi, jamani. Akifika miezi mitano sita anaweza kubeba, mimba ni siku kama 63 mpaka 65, anazaa wanne watano, na anaweza kupata joto tena hata hawa bado wananyonya. Halafu kuna kitu nilikuja kukielewa baadaye sana, kwamba joto la paka jike linaendeshwa na urefu wa mchana. Nchi za baridi kama Uingereza, mchana ukiwa mfupi majike wengi wanapumzika, kwa hiyo kule kuna msimu wa watoto wa paka, unaanza majira ya kuchipua na kuisha kabla ya baridi kali, na vituo vyao vinajua lini vitajaa na lini vitapumua. Sisi huku mchana wetu Januari na mchana wetu Julai haupishani sana. Hakuna kupumua. Boksi langu halijui msimu, linalojua msimu ni maombi ya watu tu, kwa mfano mavuno yakishaingia ndani kuanzia kama Mei panya wanahama shamba na kufuata magunia, hapo napata mpaka watu wa maghala ya ufuta na nafaka wanataka paka wawili kwa mkupuo, na korosho zikianza kulipwa Oktoba huko kwenda mbele wanakuja waliomaliza kujenga.

Nimesoma sana habari za vituo vya wenzetu, pengine kwa sababu ya upweke wa kuifanya kazi hii peke yangu. Pale London kuna Battersea, kilianza 1860 kwa ajili ya mbwa tu, paka wakaja kupokelewa 1883, yaani hata huko paka alikumbukwa mwisho. Marekani kuna ASPCA, shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama, lilianzishwa New York mwaka 1866, mwaka uleule ambao Livingstone alitua Mikindani akaanza safari yake ya mwisho ya bara, na mi nikisoma tarehe kama hizo lazima niwaze bibi wa bibi yangu alikuwa anafanya nini na paka wake siku hiyo. Hao ASPCA walikadiria kwamba mbwa na paka waliokuwa wanauawa vituoni kote Marekani kwa kukosa wa kuwachukua walikuwa kama milioni 2.6 mwaka 2011, na kufikia 2019 wakashuka mpaka kama 920,000, kati yao paka wakiwa 530,000. Bado ni idadi ya kuumiza. Lakini imeshuka hivyo ndani ya miaka minane, na kilichoishusha ni watu wengi zaidi kuchukua wanyama kutoka vituoni na wanyama wengi zaidi kufanyiwa kile ninachokuja kukieleza hapo mbele.

Nilijifunza pia kwamba mahitaji yanaweza kupanda ghafla na kukudanganya. Mwaka 2020 wakati wa korona wenzetu walifungiwa majumbani, wakakimbilia kuchukua wanyama mpaka vituo vingine vikabaki vitupu, halafu kazi ziliporudi na maisha yakapanda bei, baadhi ya wanyama wakarudishwa. Mi niliyaona hayo kwa udogo wake hapahapa. Machi shule zilipofungwa kazi ya fotokopi ilikufa kabisa, siku nzima unauza kalamu moja, ila watoto wa mtaani walikuwa wanashinda mlangoni kwangu, shikamoo dada tunaomba kumuona paka, na mama zao wakawa wanakubali ili watoto watulie ndani. Boksi liliisha. Hata majike yaliondoka, hata weusi. Nilifurahi nikadhani mji umebadilika. Shule zikafunguliwa mwisho wa Juni, na kuanzia Agosti wakaanza kurudi mmojammoja, wengine wameshakuwa wakubwa, mmoja kaletwa na mtoto wa darasa la pili anayelia mpaka kamasi, mama yake kasimama mbali hataki kuniangalia. Yule mtoto alikuwa ananiambia, "Anaitwa Pipi, usimuite jina lingine." Sikumuita jina lingine.

Nimetaja weusi. Paka mweusi kwenye mji huu ana kesi asiyoitenda. Mtu atashika watoto wote kwenye boksi atamruka mweusi, na ukimuuliza atasema tu, aa dada huyo hapana, usiku mambo mengi. Eti jini, eti katumwa. Kule Marekani nako wahudumu wa vituo wanalalamika kwamba weusi wanakaa muda mrefu kuliko wengine, kwa hiyo si sisi peke yetu. Sheikh mmoja wa mtaani kwetu aliwahi kuingia kutoa kopi akamkuta mama mmoja anabishana na mi kuhusu hili, akamwambia kisa cha Abu Qatada, alivyowekewa maji ya kutawadha akaja paka akataka kunywa, akamuinamishia chombo mpaka akanywa akatosheka, na mkwewe alipomshangaa akamweleza kuwa Mtume alisema paka si najisi, ni katika wale wanaokuzungukeni majumbani. Halafu akamkumbusha yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa kwa njaa. Yule mama alimchukua mweusi. Nilimuita Chausiku, na yeye kaendelea kumuita hivyohivyo, sa hivi ndiye analinda stoo yake ya mchele.

Wajawazito nao nawaelewa lakini wananiumiza. Mke akipata mimba tu, mama mkwe au shoga anasema paka aondoke anaua mimba, na kesho yake paka yuko barazani kwangu. Hofu yenyewe haikutoka hewani, kuna kijidudu kinaitwa toksoplasma ambacho kweli kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ila kinapatikana kwenye kinyesi cha paka aliyeambukizwa karibuni, na kile kinyesi kinahitaji siku moja au zaidi nje ndo kiweze kuambukiza, na pia watu wanakipata kwenye nyama isiyoiva na mboga za majani zisizooshwa. Kwa hiyo mjamzito asisafishe mchanga wa paka, asafishe mtu mwingine na kila siku, mikono ioshwe, nyama iive. Hapo paka anabaki nyumbani. Nimeyaandika haya kwenye karatasi nimebandika ukutani karibu na bei za kopi, na wawili wameisoma wakaondoka na paka wao waliyekuja kumrudisha. Kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa nimebandika pia, maana watu wanasikia neno mbwa wanadhani paka hahusiki, anahusika, na afisa mifugo akitangaza chanjo mpeleke na paka wako.

Na siku hizi kuna maombi mapya kabisa, ya paka wa picha. Binti ananionesha simu, stetasi ya mtu wa Dar, paka mweupe manyoya marefu pua bapa, anauliza kama huyu unaye? Sina, na kwa joto la Mtwara la Novemba yule mnyama namhurumia. Namwambia angalia hapa chini, huyu wa rangi tatu. Wachache wanaangalia.

Wanaomchukua nawaeleza na chakula, maana wengi wanajua paka ni ugali na mchuzi. Wazee walisema paka hashibi kwa wali matilaba yake ni panya, na walikuwa sahihi kuliko walivyojua, kwa sababu mwili wa paka hautengenezi wa kutosha kitu kinaitwa taurini, anakipata kwenye nyama na samaki, akikosa muda mrefu anapofuka na moyo unachoka. Kwa hiyo ugali sawa, ila uwe na dagaa kweli ndani yake, si maji ya dagaa. Vichwa vya vibua mnavyotupa ni mali.

Sasa lile jambo. Mwaka jana nilichoka. Nikamtafuta daktari wa mifugo, wengi huku wamezoea ng'ombe, mbuzi na kuku, na kumhasi paka dume ni kazi ya dakika chache, lakini jike inabidi afunguliwe tumbo, atolewe kizazi na mayai, ashonwe, na si kila mmoja anakubali kulifanya hilo kwa mnyama wa kilo mbili na nusu. Wa tatu ndo akakubali. Nikampeleka yule mtoto wa Rimu niliyemlea kwa sirinji, jike, ameshazaa mara kadhaa, jina lake Kopi. Pesa niliyotoa ingenunua dagaa wa miezi mitatu na sijutii hata shilingi. Alichomwa sindano akalegea mikononi mwangu, macho wazi lakini hayapepesi, nikaogopa nikajua kafa, daktari akaniambia dawa ndo ilivyo, akamtia mafuta ya macho yasikauke. Akamnyoa tumbo kwa wembe, ngozi ya chini kumbe ya waridi kabisa na ina madoa, akachana sehemu fupi kuliko kidole changu cha gumba, akavuta kitu kama uzi mnene wenye matawi mawili, na ndani yake tayari kulikuwa na vijipu vidogo vitano. Tulinyamaza wote wawili. Akamaliza, akashona, akamkata kancha kadogo ka sikio la kushoto ili hata akipotea mtu ajue huyu keshafanyiwa. Nikarudi naye kwenye boda, yuko ndani ya boksi la rimu, nimemfunika kanga, dereva anaenda polepole bila kuambiwa. Usiku kucha alikuwa anainuka anayumba anaanguka, saa kumi alfajiri akanywa maji.

Kopi hajazaa tena. Hatafutwi na mashume, hatoki, ananenepa, na panya wa steshenari zote tatu za mstari wetu anawamaliza yeye. Wale wanaotaka paka asiyeongezeka, asiyetoroka, asiyekojolea kochi, wanayemtafuta ni huyu, jike aliyefungwa kizazi, wakati midomo yao inasema dume. Zanzibar kuna ZAASO, shirika la kuhudumia wanyama, wanafanya hizi kazi miaka mingi, Dar na Arusha vituo vipo. Huku Kusini mi naomba kitu kidogo tu kwa kuanzia, daktari mmoja mwenye moyo, na watu kumi wa mtaa mmoja tunaochanga elfu mbilimbili kwa wiki. Hiyo inatosha kumfanyia mmoja leo, mwingine baadaye kidogo, tukianzia na majike ya soko la samaki.

Nimeshaanza na wale wanne ambao kijana aliwakataa. Wawili wameondoka juzi, kachukua mama mmoja wa Msangamkuu, mumewe mvuvi, panya wametoboa nyavu mbili mwezi huu, nami nimemwandika kwenye daftari kwamba wakifika miezi mitano avuke nao nitachangia nusu. Mmoja nimempa mwanafunzi wa chuo ambaye kaapa hahamii bila yeye. Amebaki wa mkia mweupe. Ana wiki tisa, rangi tatu, anakula dagaa na kichwa chake, anajua mchanga, jana kaangusha mjusi mkubwa kuliko kichwa chake kutoka ukutani akaniletea mguuni. Ni jike. Yuko chini ya meza ya fotokopi, duka linafunguliwa saa mbili, anayemtaka aje na kikapu chenye mfuniko na kijiko cha chumvi.